Tuwatupie libanga wale wasio na boss

Wandugu, mtu yeyote aliyekulia nyumba ya rumba anajua libanga. Wimbo unaenda vizuri, gitaa linalia, mara mwimbaji anasimamisha mapenzi yake katikati na kutaja jina: boss fulani wa madini, mama fulani wa Bruxelles, mheshimiwa fulani wa Kinshasa. Kwa Kilingala libanga ni jiwe, yakiwa mengi ni mabanga. Mtu analipa, jina lake linatupwa ndani ya wimbo kama jiwe, na sisi huku tunalicheza bila kumjua hata sura. Kuna nyimbo ambazo ukiondoa mabanga inabaki nusu.

Sina ugomvi na libanga. Msanii lazima ale, na kwetu wanaochapa nakala za wizi walikuwa wanakula kabla yake. Lakini libanga linatufundisha kitu kimoja: jina ni mali. Mwenye pesa analipa ili jina lake lisikike. Sasa yule msanii asiye na boss, asiye na kampuni kubwa nyuma yake, ambaye redio haimjui, nani anamtajia jina?

Jibu langu ni sisi. Pesa hatuna, lakini tuko na midomo, tuko na simu, na kila mmoja wetu yuko kwenye magrupu ya WhatsApp zaidi ya matano. Leo napendekeza albamu 5 za wasanii wa kujitegemea, zote za miaka hii ya karibuni, zote za watu wa kwetu au majirani zetu wa karibu. Halafu nitasema kwa nini kupendekeza muziki ni kazi ya maana, hata kwa mtu anayengoja mgao wa chakula.

Kwanza jambo linaloniuma. Kampala, mji ambao wengi wetu tunaishi au tunapita kutafuta maisha, kuna lebo inaitwa Nyege Nyege Tapes. Watu wake ndio walioanzisha lile tamasha la Jinja, kando ya mto Nile, mwaka 2015. Iko na lebo dada inaitwa Hakuna Kulala. Jina lenyewe ni Kiswahili chetu! Na mmoja wa walioianzisha hiyo Hakuna Kulala ni Mkongo, Rey Sapienz, mtoto wa mashariki. Muziki unaotoka hapo unapigwa Berlin, unaandikwa kwenye magazeti ya London, unauzwa kwa santuri na kaseti kwa bei ambayo huku ni kodi ya chumba. Lakini ingia saluni yoyote ya Katwe au Nsambya, uliza vijana kumi kama wanamjua. Uliza tena Nakivale. Muziki umetengenezwa umbali wa boda moja na sisi, halafu unapita juu ya vichwa vyetu kama ndege, unaenda kutua Ulaya. Hiyo si sawa, na sehemu ya dawa iko mikononi mwetu.

Haya, twende kwenye albamu zenyewe.

1. Rey Sapienz & The Congo Techno Ensemble, "Na Zala Zala" (2021)

Huyu ndiye Rey Sapienz niliyemtaja. Alikuja Kampala kwa kazi ya muziki, na huku kwao vita haviishi, akabaki. Hadithi hiyo sina haja ya kuwaeleza ninyi. Kwenye albamu hii yuko na wenzake Fresh Dougis na Papalas Palata. Utasikia ngoma za kwetu, utasikia mashine, utasikia sauti zinazorap kama watu wanaogombania nafasi kwenye lori. Sio albamu ya harusi. Ni nzito, inakwaruza, na saa nyingine inatisha.

Napendekeza hii ya kwanza kwa sababu moja: haiombi huruma. Tumezoea nyimbo za kambini zinazotungwa kwa ajili ya siku ya maadhimisho, mashirika yamekaa mbele kwenye viti vya plastiki, na sisi tunaimba amani, amani, amani. Nyimbo hizo ziko na kazi yake, sizikatai. Lakini vita havikutujia kwa sauti nzuri, na mtu anaweza kutaka muziki unaofanana na kile alichokisikia kweli. Huu unafanana. Sikiliza ukiwa na hedifoni, mchana, usisikilize usiku wa kwanza.

2. MC Yallah, "Yallah Beibe" (2023)

Dada huyu amezaliwa Kenya, amekulia Uganda, na anarap tangu 1999. Soma mwaka huo tena. Baadhi yenu mnaosoma hamkuwa mmezaliwa. Anarap kwa Kiluganda, Kiluo, Kiswahili na Kiingereza, anaruka kutoka lugha moja hadi nyingine kama mtu anayevuka mtaro wa mvua, bila kuangalia chini. Midundo wamemtengenezea watu watatu: Debmaster, Scotch Rolex wa Japani, na Chrisman, ambaye naye ni Mkongo.

Kwa nini nampendekeza kwenu? Kwa sababu tunaambiwa kila siku kwamba kuchanganya lugha ni kukosa lugha. Mwalimu anakucheka, ofisini wanakucheka, hata ndugu zako waliobaki nyumbani wanakuuliza hiyo Kiswahili umeokota wapi. Huyu dada amefanya mchanganyiko huo kuwa silaha yake. Na kwa akina dada wa grupu letu wanaosema muda wao wa kurap umepita kwa sababu wamefika miaka 25: albamu yake kubwa ya kwanza na Debmaster, "Kubali", ilitoka 2019, baada ya miaka ishirini ya kazi. Hesabu mwenyewe.

3. Titi Bakorta, "Molende" (2023)

Hii ni kwa wale ambao masikio yao bado yako kwenye gitaa, na kwa wazazi wetu. Bakorta ni Mkongo, na gitaa lake ni la soukous, lile la kuzunguka na kuzunguka mpaka kiuno chenyewe kinaamka. Lakini amelipinda kidogo. Chini yake kuna mashine za midundo na sauti za ajabu ajabu, kama mtu aliyechukua kaseti ya zamani ya baba yake akaiacha juani, halafu akaipenda zaidi vile ilivyojikunja.

Ukitaka kumwanzisha mzee wako kwenye muziki mpya, usianze na namba moja, atakufukuza. Anza na hii. Mwachie dakika tatu za gitaa kabla ya kumwambia ni ya mwaka gani.

4. Sisso & Maiko, "Singeli Ya Maajabu" (2024)

Wenzetu mlioko Kigoma, au mliopita Dar es Salaam kabla ya kufika mlipo, singeli mnaijua. Ni muziki wa uswahilini wa Dar: umetoka kwenye mchiriku na kwenye vipande vya taarab vilivyozungushwa mbio kwenye vigodoro, mapigo zaidi ya 200 kwa dakika. Studio ya Sisso iko Mburahati, na lebo ya Kampala niliyoisema ilianza kuupeleka muziki wake mbali mwaka 2017 kwa mkusanyo wa "Sounds of Sisso". Hii ya 2024 ni Sisso na Maiko wanapiga kinanda na kompyuta kama watoto wawili waliopewa baiskeli moja yenye mteremko mbele.

Watu wengi husema singeli ni kelele ya vijana wasio na kazi. Kweli, wengi waliouanzisha hawakuwa na kazi. Ndiyo uzuri wake: hawakungoja mtu awape studio ya kioo. Kompyuta ya zamani, chumba kimoja, majirani wakali, basi. Tafadhali vijana wa grupu mnaosema hamwezi kurekodi kwa sababu hamna vifaa, sikilizeni hii kabla ya kurudia maneno hayo. Na kama huna mpango wa kurekodi, ipige ukiwa unafua. Nguo zitatakata haraka.

5. KOKOKO!, "BUTU" (2024)

Hawa ni wa Kinshasa. Kokoko ni sauti ya kubisha hodi mlangoni, na butu kwa Kilingala ni usiku. Albamu yao ya kwanza, "Fongola" ya 2019, walijulikana nayo kwa vyombo walivyounda wenyewe: chupa, makopo, vyuma, vitu vilivyotupwa. Kwenye "BUTU" mashine zimeongezeka, lakini ni Kinshasa ileile baada ya jua kuzama: mtu anahubiri huku, baa inapiga huku, jenereta inalia, umeme umekatika na hakuna anayelala. Mwimbaji Makara Bianko hasemi nawe kwa upole, anakuita kwa kipaza sauti kama kondakta wa gari linaloondoka.

Wengi wetu wa mashariki tunaijua Kinshasa kwa habari na kwa nyimbo za wakubwa tu. Hii inakupeleka mtaani. Unaweza kuanza na wimbo "Mokili", yaani dunia, halafu urudi mwanzo.

Hizo ndizo 5. Sasa najua maneno yatakayokuja, acha niyajibu mapema.

La kwanza: "Huu si muziki, ni fujo." Sawa, sikio ni la mtu. Lakini usiseme kwamba si wa kwetu. Konono Nº1 wa Kinshasa walichukua likembe, chombo cha babu zetu, wakakiunganisha na vipaza sauti walivyojiundia kwa sumaku za magari mabovu ili kisikike juu ya kelele za jiji. Sauti ikatoka imekwaruzika, na wao wakaiacha hivyo hivyo kwa sababu iko na nguvu. Albamu yao "Congotronics" ya mwaka 2004 ilizunguka dunia. Ni kusema kutengeneza muziki kwa chuma kibovu na umeme mbaya ni mila yetu pia, sawa kama gitaa la Franco. Anayeona fujo hapa ni mjukuu asiyemtambua babu yake.

La pili: "Lebo hizo ni za wazungu." Kuna ukweli ndani. Wawili walioanzisha Nyege Nyege wana asili ya Ulaya, KOKOKO! wanatoa kazi zao kwa lebo ndogo ya London, na midundo mingine inatengenezwa na watu wa mbali. Swali la nani anamiliki nini ni swali zuri, na kila kijana anayepewa mkataba lazima aulize: rekodi ni za nani, kwa miaka mingapi, nagawana asilimia ngapi, naweza kutoka? Usisaini karatasi ya lugha usiyoisoma. Lakini jibu la tatizo hilo haliwezi kuwa kuwaachia Ulaya usikilizaji wote. Msanii akiwa na wasikilizaji Berlin peke yake, Berlin ndiyo itamwambia apige nini. Akiwa na wasikilizaji Kyangwali, Goma, Bujumbura na Kakuma, anaweza kusema hapana. Masikio yetu ni nguvu yake ya kujadiliana.

La tatu ndilo zito: "Hatuna pesa." Hapa tuongee kwa namba. Uganda kodi ya bando la intaneti ni asilimia 12 tangu Julai 2021, kwa hiyo kila MB tunaihesabu. Nami nahesabu. Albamu ya dakika 40 ukiisikiliza kwa ubora wa kawaida wa simu, 128 kbps, inakula karibu MB 40. Video za muda huohuo, hata zile zisizo safi sana, zinaweza kukula mara tano au zaidi. Yaani jioni moja ya video za vichekesho ni albamu zote hizi 5. Sikusemi, najua vichekesho vinasaidia. Nakwambia tu bei.

Kwenye Bandcamp wasanii wengi wanaruhusu usikilize albamu nzima bure kabla ya kununua. Ukinunua, faili ni lako, unaliweka kwenye memori kadi, na hata mtandao ukizimwa linabaki lako. Bandcamp inachukua asilimia 15 ya mauzo ya faili, na kuna Ijumaa maalum ambazo inaacha fungu lake kabisa. Tatizo ni kwamba wanataka kadi ya benki au PayPal, na wengi wetu tuko na mobile money tu. Njia ipo: yule mjomba au dada aliyepata resettlement, yuko Marekani, Canada au Australia, na kila mwisho wa mwezi anauliza "nikutumie nini?" Mara moja kwa mwaka mwambie: niongezee albamu moja juu ya ile pesa ya chakula. Ataielewa zaidi ya unavyofikiri. Naye huko aliko, kwenye baridi, anakosa sauti ya nyumbani kuliko wewe.

Na kama hata hiyo haiwezekani, kuna njia isiyo na pesa kabisa. Spotify tangu mwaka 2024 hailipi wimbo ambao haujasikilizwa angalau mara 1,000 ndani ya miezi 12. Pesa hiyo inaenda kwa nyimbo za wengine waliovuka. Ni sheria kali kwa mdogo. Lakini angalia hesabu: watu 100 wakisikiliza wimbo mmoja mara 10 kwa mwaka, tayari ni 1,000. Mara kumi kwa mwaka si hata mara moja kwa mwezi. Sisi kwenye magrupu yetu ni zaidi ya 100. Mwanamuziki mkubwa hataona kama tumemsikiliza au hatukumsikiliza. Huyu mdogo ataona.

Kuna kosa moja dogo ambalo linamuua msanii zaidi ya umaskini wetu. Wimbo ukipita WhatsApp, mara nyingi unabadilika jina. Unafika kwenye simu yako unaitwa AUD, halafu tarehe, halafu WA na namba. Mtu amekesha miezi studio, ameuza kitu cha ndani alipe umeme, na sisi tunamjua kwa namba kama mtu aliyeko kwenye foleni ya usajili. Sisi, katika watu wote! Tunaojua uchungu wa kuitwa namba ya kadi na ukubwa wa familia, tunawafanyia hivyo hivyo wasanii wetu.

Kwa hiyo naomba tuwe na sheria ndogo. Ukituma wimbo, andika vitu vinne: jina la msanii, jina la albamu, mahali anapotoka, na sababu moja kwa nini umeupenda. Sababu moja tu, ya ukweli. "Moto" si sababu. "Ngoma inaingia kama mvua kwenye bati halafu inasimama ghafla" ni sababu. Mtu akisoma hivyo atafungua. Na kama hujaupenda, usiutume kwa sababu tu aliyeimba ni mkimbizi mwenzetu. Kumsifu mtu kwa huruma ni kumdharau polepole. Msanii wa kwetu anataka asikilizwe kama msanii: mwambie wimbo wa pili ni mrefu mno, mwambie sauti haisikiki, halafu mwambie ule wa nne ulikufanya usimame.

Haya tunaweza, mifano iko. Kambi ya Dzaleka, Malawi, ndiko kunakofanyika Tumaini Festival tangu 2014. Aliyeianzisha ni Menes La Plume, mshairi na rapa wa Congo aliyekuwa mkimbizi palepale. Watu wanatoka mijini na nchi nyingine kuja kambini kusikiliza muziki, wengine wanalala kwenye nyumba za wakimbizi kama wageni. Fikiria hilo: mwenyeji analala kwa mkimbizi, na anayekaribisha ni sisi. Haikuanza na wafadhili kwanza. Ilianza na mtu aliyeamini kwamba majina ya watu wa kambini yanastahili kutangazwa kwenye kipaza sauti kwa sababu nyingine mbali na orodha ya mgao.

Ndani ya magrupu yetu wenyewe kuna vijana wanaorekodi usiku chini ya blanketi ili watoto na jenereta visiingie kwenye sauti. Siku moja mmoja wao atatoa albamu. Siku hiyo ikifika hatuwezi kuanza kujifunza kusikiliza albamu, kujifunza kuandika jina, kujifunza kumwomba mjomba anunue. Mazoea hayo lazima yawepo kabla. Hizi 5 ni za kufanyia mazoezi, na bahati nzuri ni mazoezi matamu.

Mabosi wataendelea kununua majina yao yaimbwe, hiyo ni yao. Sisi tutupe yetu ya bure. Wiki hii chagua albamu moja kati ya hizi, isikilize yote kutoka mwanzo hadi mwisho, halafu mtumie mtu mmoja tu, kwa majina kamili.